Kila Mpangaji na Spika Yake

Mwenye nyumba wetu wa Nyamirambo, Kigali, aliwakalisha wageni wote kushoto kwake. Padri alikaa kushoto. Kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, alikaa kushoto. Mshenga aliyekuja kumposa mpwa wake, mtu mzima wa koti na fimbo, naye alikaa kushoto. Kwetu, na hata kule Bujumbura alikokulia yeye, mgeni wa heshima hukaa kuume kwa mwenyeji, na ukimsogeza upande wa pili anarudi kwake akijiuliza amekosa nini. Basi watu walirudi kwao wakijiuliza. Yeye alinyoosha mkono tu, "Karibu, kaa pale," na kiti cha kulia kikabaki na paka.

Nilipanga kwake miaka mingi, tangu nikiwa kijana mwenye bisibisi na njaa mpaka nilipooa nikahamia Kimironko. Jina lake nalijua, lakini pale kipanguni, ndani ya ukuta wetu mmoja, hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mama Mwenye Nyumba. Akiwa hayupo alikuwa Mwenye Nyumba tu, na akiwa amekasirika hatukumwita, tulimpisha njia. Nyumba yake ilikuwa mbele, vyumba vyetu vitatu vimepangana nyuma yake, katikati ua wa saruji wenye bomba moja. Chumba cha kwanza alikuwamo Zaina, fundi cherehani, mwanamke aliyeongea huku ana pini mdomoni na hakuwahi kumeza hata moja. Cha pili kilikuwa cha Eriki, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria. Cha tatu changu, mimi ninayetengeneza redio na simu.

Mpangaji mpya akija kuulizia chumba, mama yule hakumuuliza kazi wala dini. Alimuuliza, "Uko na redio?" Ukisema ndiyo, alikunja uso. Ukisema huna, alikunja uso vilevile, maana asiye na redio atasikiliza ya jirani na ataomba waongeze sauti. Mimi nilimwambia ninazo rafu nzima, zote mbovu. Akacheka mpaka akashika ukuta, akanipa ufunguo siku hiyohiyo.

Kelele hakuzitaka kabisa. Eriki alilazimika kuzima moto yake getini na kuisukuma ndani kwa mikono, kila siku, mvua au jua. Zaina aliambiwa cherehani yake inapiga domo, akaitandikia gunia chini. Halafu Jumapili, mama akitoka misa, alifungua milango yote ya sebule, akaweka santuri, na mtaa mzima ukasikia utake usitake. Eriki alithubutu kumuuliza kuhusu jambo hilo siku moja. "Kelele ni kitu ambacho mtu anapiga na hasikilizi," alimjibu. "Mimi nasikiliza." Eriki akaenda kusukuma moto yake.

Santuri hizo, au disiki kama alivyoziita, alirudi nazo kutoka Burundi. Wenzake walirudi na magodoro na sufuria, yeye alirudi na sanduku la disiki na gramafoni aliyoifunga kwa kitenge na kuipakata njia nzima. Sufuria, alisema, zinauzwa popote. Alizifuta kwa fulana ya mtoto mchanga iliyofuliwa mpaka ikawa utando, na juu ya mkono wa gramafoni alibandika sarafu ya faranga ya Burundi ili sindano isirukeruke. Nilimweleza kwamba sarafu ile inazila santuri. Akaniambia santuri zile zimeliwa na mengi na bado zinaimba. Sindano hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, awe fundi, awe padri. "Sindano ni mkwe," alikuwa akisema. "Unaishusha polepole, na ikishakaa huigusi tena."

Aliyoipenda kupita zote ilikuwa yenye jalada jekundu, ya bendi moja ya Bujumbura ambayo sasa hata waliopiga huenda hawaikumbuki. Mle mlikuwa na wimbo wa mwanamume aliyesahau mwavuli ukweni na kila beti anarudi kuudai. Mara mkwe yuko shamba, mara mwavuli umeazimwa, mara mvua yenyewe imekatika kwa hiyo wa nini? Wimbo unakwisha na mwavuli hajaupata. Mama Mwenye Nyumba aliona hiyo ndiyo habari ya kweli kuliko zote alizowahi kusikia redioni.

Alikuwa bahili wa vidogo na mkarimu wa vikubwa. Kijiti cha kiberiti hakupi, atakuuliza cha jana ulikifanyia nini. Lakini wezi walipobeba cherehani ya Zaina, alitoa ya kwake ya marehemu dada yake, akaiweka mlangoni pa Zaina asubuhi bila kubisha hodi, na Zaina alipokwenda kushukuru akafokewa kwamba anazuia mlango. Siku ya umuganda, mtaa mzima unapotoka kufanya usafi, alitoka na ufagio mrefu, akasimama mahali pamoja na kuwaelekeza wengine. Nadhani ufagio ule haujawahi kugusa taka. Barabara yetu lakini ilikuwa safi kuliko zote.

Sasa nifike kwenye spika.

Kabla ya zile mpya nitakazozieleza alikuwa na mbili za zamani, za mbao, nzito. Jumapili moja aliniita. "Fundi, ile spika ya kulia iko na ugonjwa."

Niliifungua. Safi. Nikaifunga, nikaijaribu, inaimba bila kukwaruza. "Iko mbali," akasema. "Ile gitaa ndogo iko kama mtu anapiga kwa jirani." Nikabadilisha waya. Bado mbali. Basi nikafanya ambalo fundi yeyote angelifanya: nikaihamishia kushoto ile ya kulia, na ya kushoto nikaileta kulia. Kama ugonjwa ni wa spika, utahama nayo. Akaketi kitini pake, akafumba macho, akasikiliza beti nzima ya mwavuli.

"Ya kulia," akasema. "Bado ile ya kulia."

Nilisimama na bisibisi mkononi. Spika aliyokuwa akiilaumu sasa ndiyo ileile aliyokuwa akiisifu kabla sijazihamisha. Nikainama upande wake wa kulia, karibu kabisa na sikio, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, paka anakula nyama yako." Hakugeuka. Na paka alikuwa anakula nyama kweli.

Ndipo nikakielewa kiti cha kushoto. Padri, mshenga, kiongozi wa mudugudu, wote waliokwenda kwao wameumia, wote aliwaweka upande wa sikio zima ili awasikie. Nilimwonea uchungu, nasema kweli, na nikajionea aibu kwa maneno yote niliyowahi kumwambia nikiwa upande wa sikio bovu na kudhani ananidharau. Nikazunguka nikaja kushoto. "Mama, ugonjwa si wa spika."

"Fundi," akasema bila kufumbua macho, "wewe unatengeneza mashine ao watu?"

"Mashine, Mama."

"Basi funga mashine."

Nikafunga. Nilipokuwa nakusanya vifaa akaniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini ambayo kwake ilikuwa nadra. Mwanawe, ambaye yuko Ubelgiji na ni mtoto wake wa pekee, alishamwambia: siku nikisikia huwezi kujitegemea, nakuja kukuchukua, nyumba tunauza. "Si mtoto mubaya," akasema. "Ananipenda. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Akijua sikio moja limekwenda, atasema la pili liko njiani. Ataniweka huko juu kwenye apartamenti, niangalie theluji. Na nyinyi mtauzwa pamoja na bomba."

Sikumwambia mtu. Haikusaidia, kwa sababu Zaina alikwishajua kwa njia zake na Eriki kwa zake. Eriki, kila akiingia na moto iliyozimwa, alizunguka kwanza aje upande wa kushoto ndipo amsalimu, na mimi miaka yote nilidhani anakwepa dimbwi. Kipangu hakina siri, kina adabu. Tulinyamaza wote watatu, kila mmoja akidhani ananyamaza peke yake.

Kisha likaja boksi. Mwanawe alimpa mtu aliyekuwa akirudi Kigali, na mtu huyo alilishusha getini huku akilaani uzito wake. Ilikuwa homu thieta: mashine yenyewe, spika ndogo tano na sabufa moja kubwa. Mwana alipiga simu ya video tulipokuwa tunafungua. "Mama, sasa utaangalia filamu kama uko sinema! Na spika hazina waya kabisa!"

Mama Mwenye Nyumba akanyanyua spika moja, akauvuta waya uliokuwa ukining'inia nyuma yake. "Na hii?"

"Hiyo ni ya umeme, Mama."

"Ego, sawa. Nimeuliza tu." Simu ilipokatika akanigeukia. "Filamu sitaki. Utaiunganisha na gramafoni."

Nikaunganisha, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbu. Sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, mashine za siku hizi haziisikii, inahitaji kisanduku cha kuikuza kabla haijafika huko. Nikaenda Gikondo kwa rafiki yangu mwenye karakana, tukakitoa kisanduku hicho kwenye tumbo la amplifaya iliyokufa zamani. Nikarudi, nikafunga, mama akashusha sindano. Sauti ikatoka nzima, ila ilikawia kidogo baada ya sindano kugusa.

"Mbona imechelewa?"

"Inasafiri hewani, Mama. Kutoka pale mpaka pale."

Akapima kwa macho umbali wa kutoka kabatini hadi ukutani. "Imepitia Musanze?"

Hilo angelisamehe. Sabufa hakuisamehe. Ilipoanza kunguruma ilitikisa kabati, kabati likatikisa gramafoni, sindano ikaupokea mtikisiko na kuurudisha kwenye sabufa, ambayo ikanguruma zaidi. Vyombo vikalia. Sindano ikaruka, sarafu ikaanguka, mwenye mwavuli akarukishwa beti nzima na kujikuta mvua imekatika kabla hajaudai. "Hii itoke nje!" mama akaamuru. Eriki, ambaye usingizi wake ni wa gogo, akakubali ikae chumbani kwake. Siku ya pili alinung'unika kwamba inakula umeme wake. "Na wewe unakula isombe yangu," akaambiwa, na mambo ya umeme yakaishia hapo.

Kutoka kwa sabufa ndiko kulikofungua mlango. Mama alikaa akizitazama tano zilizobaki. "Fundi, hizi hazina waya."

"Hazina, ukiacha wa umeme."

"Zinaweza kufika wapi?"

"Vyumba vya nyuma zitafika."

"Basi kwa nini zikae zote chumba kimoja kama watoto walioadhibiwa?"

Nikamweleza. Kila spika imepewa sehemu yake ya wimbo, nilisema. Ile ya katikati inatoa mwimbaji. Ya kulia inatoa kilichorekodiwa kulia, na kwenye santuri ile nyekundu kilichorekodiwa kulia ni gitaa dogo. Ukizitawanya, Mama, hakuna mtu atakayesikia wimbo mzima.

"Na mimi," akauliza, "nasikia mzima?"

Nikaanza kuchomoa waya za umeme.

Hivyo ndivyo alivyogawa. Ya katikati alimpa Zaina. Mbili za nyuma, moja ilikwenda jikoni na nyingine tukaitundika juu ya bomba, tukaivika mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Ya kushoto akabaki nayo mwenyewe. Ya kulia akanikabidhi mimi kwa mikono miwili. "Ile gitaa tangu zamani inapigia kwa jirani," alisema. "Ichukue. Sasa ikae huko kihalali." Alikuwa anagawa alichopoteza, na alikigawa kwa sauti ya mtu anayepunguza vyombo kabatini.

Tukaanza kuishi hivyo. Zaina alipata mwimbaji bila bendi. Kila Jumapili mwanamume aliyekuwa chumbani kwake alidai mwavuli katika kimya kitupu, na mteja mmoja aliyekuwa akipimwa gauni aliliacha nusu, akauliza, "Yewe dada, nani yuko uvunguni?" Eriki alipata mshindo tu, dum, dum, akazijua nyimbo zote kwa hatua zao, na abiria wake walisema anatembea akizipiga kwa mdomo kutoka Nyamirambo hadi mjini. Mimi nilipata gitaa dogo. Halikuwa na mwanzo wala mwisho, linaingia, linachezacheza, linatoka, linangoja. Miezi ikapita likaniingia kwenye vidole. Nilichomelea waya za simu kwa mdundo wake, na nikinawa mikono nalipiga kwenye beseni.

Aliyetaka wimbo mzima ilibidi atoke nje, asimame uani karibu na bomba, milango yote ikiwa wazi. Pale vipande vilikutana. Basi tukawa tunatoka. Zaina alitoka na kigoda na viazi vya kumenya, Eriki na kitambaa cha kufutia moto, mimi mikono mitupu, na mama mwenyewe alihamisha kiti chake mpaka barazani, sikio la kushoto likielekea uani. Sisemi alikusudia. Aliyemuuliza aliambiwa tunamjazia ua bila sababu. Lakini kabla ya spika zile, nilikuwa nimekaa pale siku nyingi na sikujua kwamba Zaina anaimba vizuri.

Ndipo mwana akatangaza kwamba anakuja. Alisema anakuja kuona mama anaendeleaje, na tulijua maana yake. Wiki ile mama alifoka kuliko kawaida. Paka mwenyewe alifokewa.

Alifika asubuhi, mtu mrefu, mpole, mwenye kuomba radhi hata anapopita. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Halafu akaiona spika juu ya bomba, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Akaitazama. Akamtazama mama yake.

"Mama, hii ni ya nyuma, kushoto."

"Iko nyuma," akasema mama. "Na iko kushoto."

Alizikusanya zote. Hakukasirika, alizikusanya kama mtu anayeokota nguo zilizopeperushwa na upepo. Akazipanga sebuleni kwa vipimo, simu mkononi. Sabufa akairudisha ndani, na ili isitikise gramafoni akaomba lile jiwe la kusagia lililokuwa limelala nyuma ya jiko bila kazi, akaliweka juu ya kabati, na gramafoni juu ya jiwe. Mtikisiko ukakoma. Kwa nini sikuliwaza hilo mimi, niliyekuwa nikiliruka jiwe lile kila siku nikienda kuoga? Kaziye ilikuwa safi kuliko yangu, na sikufurahi.

"Sasa tuijaribu," akasema. Homu thieta zina jaribio lao: mashine inatoa shhh fupi kwenye spika moja, halafu inayofuata, mpaka zimalizike. "Mama, fumba macho. Nionyeshe kwa kidole sauti inatokea wapi."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua kinachokuja na sikuwa na la kufanya. Shhh ya kushoto: mama akaonyesha kushoto. Shhh ya kulia: akakawia, akaonyesha kushoto. Shhh ya nyuma kulia: kushoto. Alikuwa amefumba macho kweli, mama wa watu, kwa utii ambao sijawahi kumwona nao, na kidole chake kikarudi kilekile kila mara.

Mwana akazima mashine. Akamtoa paka, akakaa kiti cha kulia. "Mama. Tangu lini?"

Hakumsikia. Akalirudia swali kwa sauti kubwa.

"Kabla ya paka," akasema mama.

"Nilikuambia nini kuhusu nyumba hii?"

"Uliniambia."

Ndipo hodi ikapigwa, na Zaina akaingia na futi yake shingoni. "Samahani baba. Mwimbaji wangu amekatika." Nyuma yake Eriki, kofia ngumu kichwani, amemwacha abiria getini. "Na ngoma yangu iko wapi, patron? Leo ni Jumapili." Wakanitazama. Ilikuwa zamu yangu. "Na gitaa," nikasema.

Mwana akatutazama kama wagonjwa. "Mwimbaji wako?"

Zaina akatoa pini mdomoni, zote, akazichomeka begani. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. "Sikio lake tunalijua," akasema. "Tunalijua siku nyingi. Akienda sokoni natembea kulia kwake, magari asiyoyasikia nayasikia mimi. Simu ikilia upande ule, Fundi anampelekea. Eriki anazima moto getini, haingii na injini akamgonga kwa nyuma. Jumapili tunakaa naye pale nje mpaka disiki ziishe. Wewe ni mwanawe, huna unalokosea. Ila ukimpeleka kule, nani atajua akae upande gani?"

Mama alikuwa akimtazama Zaina mdomo wazi. Sijui alisikia kiasi gani. Alisikia vya kutosha, maana alisema, "Mana yanjye, kumbe mlikuwa mnajua, na mimi najitesa na mapadri!"

Mwana akainuka, akamrudisha paka kwenye kiti cha kulia, akazunguka nyuma ya mama yake, akaja kukaa kushoto. Siku ya pili alizirudisha spika mwenyewe, chumba kwa chumba, akabisha hodi kila mlango. Jiwe likabaki chini ya gramafoni. Alipoondoka aliondoka peke yake, na macho yalikuwa mekundu, na mama alimfokea kwamba atachelewa ndege.

Mimi nilihama baada ya hapo, mambo ya ndoa. Spika yangu nilimwachia mpangaji aliyeingia, kwa amri ya mama. "Ni ya chumba, si ya mtu," alisema.

Nimekwenda kumwona Jumapili iliyopita, na kifuko cha maparachichi. Nilibisha, kimya. Mpangaji mpya ndiye aliyenifungulia. Kutoka uani nilisikia wimbo wa mwavuli, mwimbaji kwa Zaina, gitaa dogo kwenye kile chumba changu cha zamani. Ndani, mama alikuwa kitini pake, amepungua, kilemba kimelegea. Sabufa ilikuwa kando ya goti lake, wameirudisha ndani, na kiganja chake cha kushoto kimelala juu yake.

Aliponiona uso ukamfunguka. "Fundi! Umenenepa. Mke anakulisha."

Nikazunguka kwenda kushoto, kama siku zote. Akatikisa kichwa. Akainama kwa taabu, akamshusha paka kutoka kiti cha kulia, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa. Kuume."

Nikasimama palepale.

"Kaa, bwana. Wewe ni mgeni. Sasa pande zote ni sawasawa."

Kiti alichonyimwa padri nikakipata mimi, na sikukitaka. Nikakaa. Sikio la kushoto nalo lilikuwa limekwenda; chochote ningesema asingekisikia.

"Ngoma naipata kwa mkono," akasema, akipigapiga sabufa. "Mwimbaji namujua, anadai mwavuli, hatapata. Lakini ile gitaa yako, ile iliyokwenda kwa jirani. Hiyo sina."

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja. Nikaushika, nikangoja beti iishe, na gitaa lilipoingia kule chumbani nikampigia kwenye kifundo cha mkono kwa vidole vyangu, lote, kuchezacheza kwake na kungoja kwake. Sikukosea. Nimekaa nalo miaka. Akafumba macho kama siku ile ya shhh, ila safari hii uso wake ulikuwa unacheka.

"Kumbe iko hivi," akasema. "Na wewe umeikalia peke yako chumbani, mwizi mkubwa."

Kiganja chake kikatulia juu ya sabufa, akajua wimbo umekwisha. Akafumbua macho, akautazama mkono wake uliokuwa kwenye sabufa na ule niliokuwa nimeushika, akakosa mkono mtupu wa kuinukia aende kwenye gramafoni. "Nenda," akaniambia. "Irudishe mwanzo."

Sindano ile hakuna mpangaji aliyewahi kuigusa. Nikainuka, nikaishusha polepole, nikairudia nafasi yangu kuume, nikaushika tena mkono wake.